Waifai ya bondeni, nyumba ya mlimani

Magoma iko katika Bonde la Lwengera, Usambara ya Magharibi upande mmoja, Usambara ya Mashariki upande wa pili. Anayeishi chini, jirani na mashamba ya mkonge, huwa na ndugu aliyejenga ubavuni mwa mlima. Sasa ana ruta nyumbani na anataka intaneti hiyohiyo imfikie kaka yake huko juu, umbali wa mita 400 hivi. Anauliza anunue antena kubwa kiasi gani. Mimi naanza na swali jingine: itatazama wapi?

Antena haizalishi nguvu. Ukiubana mdomo wa mpira wa kumwagilia bustani, maji ni yaleyale, ila yanaruka mbali kwa sababu hayatawanyiki. Antena hufanya hivyo kwa mawimbi. Chukua ile ya fimbo inayosifiwa madukani kwamba inarusha pande zote, yenye desibeli 12. Ni kweli inarusha pande zote, lakini kwa ulalo. Ukiitazama kwa wima, mwale wake una unene wa nyuzi 7 tu, yaani tatu na nusu juu na tatu na nusu chini. Nyumba ya kaka ikiwa juu kwa mita 60, hesabu inatoa mwinuko wa nyuzi 8 na nusu. Sehemu kubwa ya mawimbi itagonga mlima chini ya nyumba yake. Fimbo fupi ya desibeli 5, ambayo muuzaji hata haitaji, ingemfikia vizuri zaidi kwa kuwa mwale wake ni mnene.

Kwa nchi ya milima, funga antena za mwelekeo, bapa au dishi dogo, moja kila nyumba, zitazamane, ya chini ikiinuliwa uso na ya juu ikiinamishwa. Usikimbilie kikuza mawimbi. Kinaifanya ruta ipaze sauti, lakini majibu ya kifaa kilicho mbali yanabaki dhaifu vilevile. Antena nzuri inasema na inasikia.

Kosa linalokula pesa nyingi zaidi liko kwenye waya. Fundi anaacha ruta sebuleni, anapandisha mita 15 za waya mwembamba aina ya RG-58 hadi antena ya paani. Katika masafa ya gigahezi 2.4, waya huo hupoteza takribani desibeli 1 kila mita. Zinapotea 15, antena inarudisha 12. Mwenye nyumba ametumia pesa na amebaki nyuma ya pale alipoanza. Nunua kifaa cha nje ambacho redio na antena viko ndani ya boksi moja, kifungwe kwenye nguzo, kisha waya wa kawaida wa mtandao upandishe data na umeme kwa pamoja. Waya huo unaenda hadi mita 100 bila shida.

Halafu miti. Kuiona nyumba ya pili kwa macho hakutoshi, kwani mawimbi yanahitaji nafasi kuuzunguka mstari wa macho. Kwa mita 400 na gigahezi 2.4, nafasi hiyo katikati ya njia ina nusu kipenyo cha karibu mita 3 na nusu, na walau asilimia 60 yake iwe wazi. Mkaratusi uliopandwa mwaka huu utaifunga njia hiyo baada ya misimu michache, na majani yaliyolowa masika huyameza mawimbi zaidi kuliko makavu. Chagua njia inayopita juu ya korongo, si juu ya shamba la miti.

Njia ikiwa wazi, mlima unageuka msaada. Mwaka 2007, Ermanno Pietrosemoli na wenzake waliunganisha vilele viwili vya Venezuela, Pico del Águila na Platillón, kwa waifai ya umbali wa kilomita 382. Kibera, Nairobi, Tunapanda Institute imeunganisha shule na vituo vya jamii kwa antena za paani. Mita 400 za Magoma si kitu.

Hakikisha kifaa kimeidhinishwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, na ujue kwamba ukianza kuwauzia majirani intaneti, hiyo ni biashara ya leseni. La mwisho nakusihi ulitimize hata kama mengine utayaacha: nguzo ifungwe ethi kwa waya mnene wa shaba, isimamishwe mahali ambapo hata ikianguka haitagusa nyaya za umeme za TANESCO, na mtu asipande kuirekebisha wingu la mvua likiwa limetanda.