Nishani Haina Jina, Jalada Lina Kosa

Katika nyumba nyingi za nchi hii liko sanduku la bati ambalo watoto hawaruhusiwi kulifungua. Ndani yake mna hati ya shamba, cheti cha ndoa, risiti za kodi za miaka iliyopita, na chini kabisa, ndani ya kitambaa, mna nyota ya ncha sita iliyofifia na utepe ulioliwa na mende. Babu alikuwa Keya. Alisema alipigana Burma. Basi, ndugu msomaji, itwae nyota ile uigeuze nyuma, ukalitafute jina la mwenyewe. Hutaliona. Serikali ya Uingereza iliwagawia askari wake wa vita ya 1939 hadi 1945 nyota na medali zisizochongwa jina. India, Afrika Kusini na Australia zilichonga majina ya askari wao, na Waingereza wenyewe walikuwa wamechonga jina na namba ukingoni mwa medali zao za vita ya 1914. Safari hii hawakuona haja.

Tumeanza na jambo hili kwa kuwa watu wengi hudhani nishani ni ushahidi. Nyota ile yaweza kununuliwa sokoni, yaweza kurithiwa, yaweza kuokotwa. Ushahidi ni jalada: ile kumbukumbu ya utumishi aliyoiandika karani wa jeshi, ikionyesha namba ya askari, kikosi chake, nchi alizopelekwa, tarehe za kwenda na kurudi, na nishani alizostahili. Na karani akikosea, mtu mzima mwenye kovu la risasi hugeuka kuwa mwongo mbele ya ofisi. Mfanyakazi yeyote aliyewahi kufuatilia mafao yake akaambiwa kuwa miaka 3 ya kazi yake haionekani daftarini anaujua uchungu huu bila ya kufundishwa. Wazee walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Utumishi nao ni mali.

Sasa tutazame makosa yenyewe huingiaje. La kwanza ni jina. Karani alikuwa na foleni ndefu mbele yake, na aliandika alivyosikia. Jina la baba likawa jina la kijiji. Mohamedi wa huku akawa sawa na Mohamedi wa kule. Na wako waliojiandikisha kwa jina la nyumbani, kisha wakarudi na jina la dini. Mzee akiisha kufariki, wanawe wana jina moja na jalada lina jina jingine, na hapana mtu wa kuapa kwamba ni mtu yule yule.

La pili ni namba ya kikosi, na hapa ndipo tunapotaka msomaji atulie kidogo. Batalioni ya 6 ya K.A.R. ilikuwa ya Tanganyika. Askari wake walipigana Uhabeshi mwaka 1941, na mwaka 1942 walikuwa katika brigedi ya 22 iliyoshuka Madagaska. Vita ilipopanuka ziliundwa batalioni nyingine za Tanganyika, na namba zao zikabaki na ile 6 mwishoni: 26, 36, 46. Ya 26 na ya 36 ndizo zilizoingia katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile yenye alama ya kichwa cha kifaru, ikapelekwa Ceylon na kisha Burma. Karani akidondosha tarakimu moja, akaandika 6 mahali pa 36, amemwondoa mtu katika bonde la Kabaw akamweka mahali pengine kabisa. Wino wa herufi moja umefuta mvua zote za masika ya Burma ya mwaka 1944, matope ya magotini, malaria, na kuingia Kalewa tarehe 2 Desemba mwaka ule. Watoto watakwenda ofisini na kusema baba alipita katika lile daraja la mto Chindwin lenye urefu wa futi 1,154. Karani wa leo atasoma jalada na kusema: hapana, huyu hakufika.

La tatu ni neno “ng’ambo”. Kuandika kwamba askari alitumika ng’ambo hakutoshi, kwa sababu kanuni za nishani zilikuwa za kupima kwa uzi. Nyota ya Afrika ilipatikana kwa siku moja tu ya utumishi katika uwanja wa vita uliotajwa, na Uhabeshi, Eritrea na nchi za Wasomali zilikuwa miongoni mwake. Nyota ya 1939–45 ilidai kwa kawaida miezi 6 ya utumishi vitani. Nyota ya Burma ilikuwa ya walioingia Burma yenyewe, pamoja na sehemu fulani za jirani kwa tarehe maalumu. Ceylon haikuhesabiwa. Watu wawili wa kijiji kimoja, waliopanda meli moja Kilindini, mmoja akabaki Ceylon kulinda ghala na mwingine akavuka kwenda mbele, wote wawili wameandikwa “ng’ambo”. Lakini nyota ni ya mmoja. Na jalada lisiposema ni yupi, mara nyingi hukosa wote.

Kuhusu Madagaska iko hadithi ambayo hatuwezi kuiacha. Waingereza walitua huko tarehe 5 Mei 1942. Gavana wa Kifaransa aliyekuwa upande wa Vichy alirudi nyuma na nyuma, na mapatano ya kusimamisha vita yakaanza kutumika baada ya usiku wa manane kuingia tarehe 6 Novemba. Husimuliwa kwamba alingoja makusudi dakika zile, ili vita ipite miezi 6 na askari wake wastahili nishani na nyongeza ya malipo. Hata aliyeshindwa alikumbuka kuhesabu siku za askari wake! Na Madagaska, kwa askari wa upande ulioshinda, haikuwa na nyota yake peke yake.

Tusidhani kwamba walioteseka ni wale waliorudi tu. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya askari iitwayo Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldivi. Ilizama kwa muda wa dakika 2 hivi, ikaua watu wapatao 1,300, na zaidi ya 600 kati yao walikuwa wa mizinga ya Afrika Mashariki. Majina yao yameandikwa katika ukumbusho ulioko makaburi ya vita ya Nairobi. Waliokufa Burma pasipo kaburi linalojulikana majina yao yako katika ukumbusho wa Taukkyan, karibu na Rangoon. Huu ndio mwujiza wa karatasi: katika vita hiyo aliyekufa alitafutwa akaandikwa juu ya jiwe, na aliyerudi mzima akabaki na herufi za karani. Katika vita ya 1914 mambo yalikuwa mabaya kuliko haya. Ripoti iliyotolewa mwaka 2021 na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

Baadhi ya wasomaji watauliza: mambo ya mkoloni yanatuhusu nini sisi? Swali hilo ni la haki, wala hatulidharau. Wazee wetu hawakuulizwa kama wanaitaka vita ile. Wengine waliandikishwa na majumbe, wengine walifuata mshahara. Walipoachishwa, bakshishi yao ilipimwa kwa cheo na muda, na pia kwa rangi. Nyaraka zilizotangazwa mwaka 2019 zilionyesha kwamba askari mweupe aliweza kupata hadi mara 3 ya alichopata mweusi wa cheo kile kile. Lakini kwa sababu hiyo hiyo twaona kwamba jalada lisahihishwe. Aliyepunjwa fedha asipunjwe na ukweli pia. Anayedai kuandikwa sawasawa haombi sifa ya Mfalme. Anadai kilichokuwa chake tangu siku ile. Wala si Watanganyika wachache: inakadiriwa kuwa zaidi ya 80,000 walichukuliwa katika vita ile.

Tutazame wenzetu wanavyofanya. Marekani si nchi ya kusifiwa kwa namna ilivyowatendea watu weusi, lakini katika jambo hili ina chombo ambacho sisi hatuna. Zamani askari wa huko aliyetaka kusahihishiwa jalada alilazimika kumwendea mbunge wake, na Bunge zima likatunga sheria kwa ajili ya mtu mmoja. Mwaka 1946 mtindo huo ulikomeshwa, zikaundwa halmashauri za raia katika idara za majeshi zenye uwezo wa kusahihisha kosa au kuondoa dhuluma katika kumbukumbu za askari. Muda wa kuomba ni miaka 3 tangu kosa kugunduliwa, lakini halmashauri yaweza kuusamehe muda huo haki ikidai. Na mrithi wa marehemu aweza kuomba. Cheti cha zamani hakichanwi. Hutolewa karatasi nyingine ya kuambatanishwa, inayosema: mahali fulani ongeza nchi hii, ongeza nishani hii.

Mzigo wa kuthibitisha umo mabegani mwa mwombaji, na hapo ndipo palipo na funzo kubwa. Tarehe 12 Julai 1973 jumba la kumbukumbu za askari mjini St. Louis lilishika moto. Yaliteketea majalada kati ya milioni 16 na 18, na hayakuwa na nakala. Kwa askari wa nchi kavu walioacha jeshi kati ya mwaka 1912 na mwisho wa 1959, asilimia 80 ya majalada yalipotea. Je, askari hao waliambiwa hawakutumika? Hapana. Makarani walikwenda kutafuta kwingineko: orodha za mishahara, taarifa za kila asubuhi za kombania, madaftari ya hospitali. Mtu aliyelipwa mshahara mahali fulani siku fulani alikuwapo mahali pale. Jalada limeungua, lakini mlipaji mshahara ni shahidi. Na kazi hiyo yaweza kurudi nyuma sana: Novemba 2023, kwa mapendekezo ya halmashauri ile ya jeshi la nchi kavu, hukumu za askari weusi 110 waliohukumiwa kwa ghasia za Houston za mwaka 1917 zilitenguliwa, na kumbukumbu zao zikasahihishwa kuonyesha kwamba walitumika kwa heshima. Kumi na tisa kati yao walikuwa wamenyongwa.

Hapa kwetu jeshi lenyewe lilibadili jina na mikono. Batalioni za K.A.R. za Tanganyika zikawa Tanganyika Rifles nchi ilipopata uhuru Desemba 1961. Baada ya maasi ya Januari 1964 jeshi lile likavunjwa, na Jeshi la Wananchi likazaliwa tarehe 1 Septemba 1964. Karatasi zinazopita mikono mingi hupungua. Lakini mlango haukufungwa. Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ingali inapokea madai ya nishani za vita ya 1939–45 ambazo hazikupata kutolewa, kutoka kwa askari mwenyewe au mrithi wake halali. Na Mfalme Charles alipozuru Kenya, Novemba 2023, alikabidhi upya nishani kwa wazee wachache wa K.A.R. ambao zao zilikuwa zimepotea. Mmoja wao alikuwa amezitupa wakati wa Mau Mau kwa kuhofia maisha yake. Wakati huo wazee hao walikuwa wa kuhesabika kwa vidole.

Kwa hiyo mwenye dai asiende ofisini na hadithi tupu. Kwanza namba ya askari, kwa maana majina hufanana na namba haifanani. Pili namba ya batalioni, na tarehe za kuandikwa na kuachishwa. Akiisha kuzipata hizo, mahali batalioni ilipokuwa hapahitaji ubishi: kila kikosi kilichokuwa vitani kiliandika kitabu cha kila siku, na vitabu hivyo vimo katika Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, Kew, London, vikisomwa na kila atakaye. Kitabu cha kikosi aghalabu hakimtaji askari wa kawaida kwa jina. Kazi yake ni kuonyesha kombania ililala wapi. Jina litoke kwingine: barua aliyotuma nyumbani, picha iliyopigwa Ceylon yenye muhuri wa mpiga picha, hati ya mshahara uliotumwa kwa mke. Aliyepewa nishani ya ushujaa ana bahati zaidi, kwa kuwa jina lake lilichapwa katika gazeti rasmi la London. Ushahidi wa mwenzake aliyekuwa naye kombania moja ni bora kuliko wote, lakini huo umekwisha kuzikwa karibu wote, na hatuwezi kumlaumu karani peke yake kwa hilo. Sisi wenyewe tuliwaacha wazee wakisimulia Burma wakati wa pombe na hatukuandika.

Cheti cha kuachishwa kikipatikana, kisipelekwe kwa posta. Kipigwe nakala, nakala ithibitishwe mbele ya hakimu au wakili, na ya asili irudi sandukuni. Na kabla ya kuifunga barua, isomwe ile namba ya batalioni mara mbili, kwa kioo cha kukuzia ikibidi: ni 6, au mbele yake palikuwa na 3 iliyofutika?