Kabla ya Kununua Kompresa Mpya ya Mashine ya Barafu

Msimu wa kaskazi uliopita niliitwa na wavuvi wa diko moja huku Kwale. Mashine yao ya barafu ilikuwa imenyamaza siku ya tatu. Mashua zilikuwa zinaingia na changu, tafi na kolekole, na kwa kuwa barafu haikuwepo, samaki waliuzwa pale pale mchangani kwa bei anayotaka tajiri. Jua likishapanda mvuvi hana ubishi. Mama karanga nao walichukua kiasi cha kukaanga jioni ile tu.

Fundi wa kwanza alikuwa ameshakuja, akafungua kifuniko, akasikiliza, akasema kompresa imekufa. Mpya pamoja na kazi ya kuifunga ni shilingi 85,000. Kamati ya BMU ilikuwa imeanza kuchangisha. Mimi nilipopima nikakuta kompresa ni nzima. Kapasita ya kuwashia ilikuwa imevimba kichwa kama mkate wa mofa, na waya unaoingia kwake umeliwa na chumvi. Walilipa kapasita, waya na ufundi, na kufikia alasiri barafu ilikuwa inaanguka.

Kisa hiki si cha peke yake. "Kompresa imekufa" ndiyo sentensi ghali kuliko zote katika kazi yetu ya baridi, na mara nyingi husemwa kabla mita haijatoka kwenye mkoba. Mwenye mashine, awe ni kikundi cha wavuvi, hoteli au muuza sharubati, si lazima awe fundi. Lakini akijua kinachopimwa na kwa nini, atajua kama anaambiwa kweli.

Kompresa ni pampu. Inavuta gesi baridi yenye presha ndogo kutoka kwenye sahani inayogandisha maji, inaikandamiza, kisha inaitoa ikiwa moto na yenye presha kubwa. Gesi hiyo hupita kwenye kondensa, zile bomba zenye mapezi ya bati na feni, ikaachia joto lake na kuwa majimaji. Halafu hupita tundu jembamba, presha ikaanguka, ikapoa na kurudi kugandisha. Ukielewa mzunguko huo utaona kwamba kompresa huteseka kwa makosa ya wengine. Kondensa ikiziba, feni ikisimama, gesi ikivuja au stima ikiwa hafifu, anayelia ni kompresa.

Tuanze na mashine isiyotoa sauti yoyote. Hapo kompresa ndiyo ya mwisho kushukiwa. Je, stima inafika? Kontakta inabana? Maji yapo kwenye tangi? Kile kihisio cha kuzima mashine pipa likijaa barafu kimechafuka, mashine ikadhani imejaa? Swichi ya presha imekatika na inangoja kubonyezwa irudi? Haya yote hukaguliwa kwa dakika chache bila kugusa bomba la gesi.

Mashine inayovuma sekunde kadhaa kisha "tak" ikakata, ikarudia tena baada ya muda, ndiyo inayowapoteza wengi. Mota inataka kuzunguka lakini haipati msukumo wa kwanza. Mara nyingi sababu ni kapasita au rilei ya kuwashia. Sababu nyingine, na huku kwetu ni kubwa, ni stima. Inatakiwa ifike volti 240. Ukipima mashine ikiwa imesimama utaona 235 na kuridhika. Mwambie fundi apime kwenye pini za kompresa wakati ule ule inapojaribu kuwaka. Niliwahi kukuta inaanguka hadi 180, kwa sababu mashine iliwekwa mbali na mita na waya uliovutwa ulikuwa mwembamba, wa kuwashia taa. Kompresa tatu zilikuwa zimeshaungua pale, kila moja ikilaumiwa kuwa feki.

Sasa upimaji wenyewe. Zima stima kabisa, kisha kapasita itolewe umeme uliobaki ndani yake kwa kifaa chenye ukinzani, si kwa bisibisi. Inaweza kukurusha hata mashine ikiwa imezimwa. Toa waya kwenye pini tatu za kompresa. Moja ni ya pamoja, moja ya koili ya kuwashia, moja ya koili ya kuendeshea. Pima omu kati ya kila mbili. Hesabu lazima ilingane: ukipata 2 na 6, ile jozi ya tatu isome takriban 8. Ikiwa jozi moja haisomi kitu, koili imekatika. Kisha pima kila pini na bomba la shaba lililokwaruzwa rangi. Hapo pasionekane njia yoyote ya umeme. Ikionekana, koili inagusa mwili wa kompresa, na hiyo kweli imekwisha. Mashine kubwa za fezi tatu husoma sawa jozi zote, na adui wao mkuu ni fezi moja kupotea bila mtu kujua.

Kuna mtego hapa. Ndani ya kompresa nyingi mna ovalodi, kinga inayofungua njia ya umeme joto likizidi. Ukipima kompresa ikiwa moto unaweza kupata kwamba njia imekatika na ukaihukumu. Iache ipoe, hata saa kadhaa, upime tena. Nina hakika kompresa nyingi zilizouzwa chuma chakavu hapa Pwani zilikuwa zimechoka kwa joto tu.

Mashine inayozunguka bila kugandisha inahitaji geji. Presha ya kuvuta na ya kutoa zote zikiwa chini, gesi imepungua, yaani pana mahali inavuja. Ya kutoa ikipanda sana na ampea zikipanda nayo, angalia kondensa kwanza: vumbi, magamba, unyoya wa kuku, mapezi yaliyooza kwa hewa ya chumvi. Ya kuvuta ikiwa juu na ya kutoa ikiwa chini, huku kompresa inakula ampea chache kuliko ilivyoandikwa kwenye kibao chake, hapo ndipo valvu za ndani zinaposhukiwa. Hata hivyo usitoe hukumu. Mashine hizi zina valvu ya gesi moto inayofunguka ili barafu iachie sahani. Ikikwama wazi nusu, gesi moto hurudi upande wa baridi na geji zitasema uongo ule ule. Wakati mashine inagandisha, sogeza kiganja taratibu karibu na bomba linalotoka kwenye valvu hiyo. Likiwa moto, umempata mwizi.

Na wakati mwingine hakuna mgonjwa. Kilo za barafu zilizoandikwa kwenye kijitabu huwa zimepimwa kwa hewa na maji ya baridi, kwa kawaida hewa ya nyuzi 21 na maji ya nyuzi 10. Maji ya tangi jeusi lililokaa juani Msambweni hayajawahi kuiona nyuzi 10. Mashine itatoa pungufu hata ikiwa mpya. Kivuli juu ya tangi kimewahi kuongeza barafu kuliko gesi yoyote niliyotia.

Ikithibitika kompresa imeungua kweli, kazi haiishi kwa kubadilisha chuma. Mota ikiungua huacha asidi kwenye mafuta na kwenye bomba zote. Fundi akifunga mpya juu ya uchafu huo, utamwita tena baada ya miezi. Dai mambo haya: bomba zisafishwe kwa naitrojeni, filta ya kukausha iwe mpya kila mfumo unapofunguliwa, na pampu ya kufyonza hewa ifanye kazi hadi geji ionyeshe mfumo umekauka, si dakika tano za kuonekana tu. Hewa yetu ina unyevu mwingi, na mafuta ya kompresa za sasa hunyonya unyevu upesi sana, kwa hiyo bomba lisiachwe wazi wakati watu wanakwenda kula. Anayekuja na gesi peke yake, bila pampu na bila mzani wa kuipima, anakuja kuuza gesi.

Hatari mbili zisizo na mzaha. Usimruhusu mtu ajaze oksijeni kwenye mfumo kutafuta mahali panapovuja. Oksijeni yenye presha ikikutana na mafuta hulipuka. Pia soma kibao: kikisema R290, gesi hiyo ni propani, inashika moto. Mfumo huo haufunguliwi kwa tochi ya kuchomelea wala haujazwi R404A kwa sababu ndiyo iliyoko dukani.

Kuhusu stima inayokatika na kurudi, kompresa huhitaji dakika tatu hadi tano presha zisawazike kabla ya kuwaka tena. Stima ikirudi baada ya sekunde kumi, inalazimishwa kusukuma mlima. Kile kifaa cha kuchelewesha kinachouzwa kwa ajili ya friji kinasaidia, ila kiwe cha kubeba ampea za mashine yako. Cha friji ya nyumbani kitayeyuka.

Wale wavuvi wa Kwale waliamua kuosha kondensa kila Ijumaa, siku ambayo wengi wao hawaendi baharini. Stima inazimwa kwanza, kisha brashi laini na maji ya kisima yasiyo na chumvi, na kijana mmoja anaandika tarehe kwa chaki ukutani. Nilipopita mara ya mwisho ile kapasita ya akiba niliyowaachia ilikuwa bado kwenye kasha lake, imening'inizwa kwenye msumari karibu na mzani wa samaki.