Adabu ya Kisu na Silaha Nyumbani

Wahenga walisema, "Mtoto akililia wembe, mpe." Sisi twasema: kwanza mfunze. Wala kuficha peke yake hakutoshi, kwani kisu ni chombo cha kila jiko, na siku ya Idi ya kuchinja hutolewa mbele ya watoto wote.

Dini yetu ilitangulia kutufunza adabu hii. Imepokewa kwa Jabir (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alikataza kupeana upanga ulio nje ya ala. Tena, katika Bukhari na Muslim, aliamuru kwamba apitaye msikitini au sokoni na mishale azishike ncha zake, asije akamjeruhi Mwislamu. Na alionya vikali juu ya kumwelekezea mtu chuma, hata akiwa ni ndugu wa baba na mama mmoja. Basi silaha haina mzaha.

Yatupasa kuwazoeza wana wetu hayo kwa vitendo, nasi tukiwatazama. Kisu hupokezwa mtu kwa mpini; makali huelekezwa mbali na mwili; hakishikwi katika mbio; kikianguka hakidakwi. Nacho kinolewe, kwani kisu butu hutaka nguvu, na mkono wa nguvu huteleza.

Ama bunduki, si chombo cha mtoto. Mwenye nayo kwa idhini ya sheria aifungie, na risasi azifungie mahali pengine. Mtoto akiiona asiiguse. Aondoke, akamwambie mkubwa.

Damu ya mtu ni amana. Mwenyezi Mungu atuwezeshe kuwalea wana wetu katika kuilinda. Amin.