Tofali linalopinda ili lishike

Fundi ujenzi mmoja wa Muleba ameniandikia. Anakusanya matofali ya plastiki ya kuchezea, yale ya Lego pamoja na ya bei nafuu yanayoyaiga. Huyapata kwenye marobota ya mitumba yanayofunguliwa Bukoba mjini, na usiku kazi zikiisha hukaa mezani kuyajenga. Anauliza mambo matatu. Kwa nini tofali kuukuu lililopauka hushika vizuri kuliko jipya lililonunuliwa jana? Je, matofali ya udongo ya kufungamana anayojengea nyumba za watu yanashikana kwa siri hiyohiyo? Na ayahifadhi vipi yasiharibike? Mwishoni ameomba radhi kwamba yeye ni mtu mzima na haya ni mambo ya watoto.

Radhi hiyo haihitajiki. Tangu 2020 kampuni ya Lego inaandika 18+ kwenye maboksi ya seti zake za watu wazima, na mwanahisabati Søren Eilers wa Chuo Kikuu cha Copenhagen aliona mchezo huu unastahili kompyuta yake. Alihesabu njia za kuunganisha matofali sita yenye vinundu vinane juu, yote ya rangi moja, akapata 915,103,765. Mtu mzima hamalizi hapo.

Historia ya kampuni nitaipita haraka. Seremala Ole Kirk Kristiansen wa Billund, Denmark, alianza kutengeneza vitu vya kuchezea mwaka 1932, na mwaka 1949 akaanza kuuza tofali la plastiki lililofuata mfano wa Mwingereza Hilary Page. Tofali hilo lilikuwa tupu chini, na nyumba iliyojengwa kwalo ilibomoka ukiigusa. Tarehe yangu mimi ni 28 Januari 1958, siku mwanawe Godtfred alipopeleka ombi la hataza ya tofali lenye mirija ndani. Tofali la mwaka huo linapachikana na lililotoka kiwandani mwaka huu.

Pindua tofali la vinundu vinane ulitazame chini. Utaona mirija mitatu imesimama katikati kwa mstari. (Nasema vinundu kwa vile vidutu vilivyotokeza juu ya tofali, mafundi wengine husema vichwa, lakini tofali lenye vichwa vinane linanitisha kidogo.) Kutoka kitovu cha kinundu kimoja hadi cha jirani yake ni milimita 8, na kipenyo cha kinundu ni milimita 4.8. Sasa chukua vinundu vinne vilivyojipanga mraba. Kutoka kitovu cha kinundu cha pembe moja hadi cha pembe ya mkabala, kwa ile kanuni ya Pythagoras ya kidato cha pili, ni milimita 11.31. Ondoa nusu ya unene wa kinundu kila upande, jumla 4.8, zinabaki 6.51. Na kipenyo cha mrija ni ngapi? Milimita 6.51. Mrija unaingia katikati ya vinundu vinne na kuvigusa vyote kwa mpigo.

Uzuri hauishii hapo. Hesabu miguso. Kinundu cha pembeni kabisa kinaguswa na kuta mbili za tofali la juu na mrija mmoja: sehemu tatu. Kinundu cha katikati kinaguswa na ukuta mmoja na mirija miwili: sehemu tatu tena. Vyote vinane, bila ubaguzi, vinaguswa mara tatu kutoka pande zinazovizunguka, na kitu cha mviringo kilichozingirwa hivyo hakina pa kukimbilia. Katika tofali tupu la zamani, vinundu vya kati viliguswa na ukuta mmoja tu, tena upande mmoja. Mirija mitatu ilileta usawa kwa vinundu vyote. Sijui umbo lingine la bei rahisi kama hili lililojaa jiometri namna hii.

Lakini kugusa si kushika. Ili tofali lishike, kinundu lazima kiwe kinene kidogo kuliko nafasi kinayoingia, kwa tofauti ambayo jicho haliwezi kuiona. Ukikisukuma, kuta zinatanuka na mrija unabonyea kidogo. Plastiki inataka kurudi ilivyokuwa, haipati nafasi, basi inaendelea kukibana kinundu muda wote tofali linapokaa hapo. Mbano huo ndio unaozaa msuguano, na msuguano ndio mshiko wenyewe.

Kila mwenye kibanja cha migomba Kagera anaijua fizikia hii, kwa sababu ndiyo inayoshikilia jembe kwenye mpini. Mkoa huu una haki ya kulizungumzia jembe; karibu na Kemondo wanaakiolojia walifukua mabaki ya matanuru yaliyoyeyusha chuma zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Mpini huchongwa ukiwa na kichwa kinene kidogo kuliko tundu la jembe. Ukiugonga uingie, mti unasinyaa kidogo pale chuma kinapouzunguka, unataka kutanuka, hauwezi, unabana. Mpini mwembamba unachezacheza, na jembe linaruka. Mpini mnene mno unapasuka, au hauingii kabisa. Mkulima ambaye mpini wake umepungua unene hufanya jambo la busara sana: hukata kipande cha mpira wa baiskeli, anauzungushia mti, ndipo anagonga. Mpira unabonyea kwa urahisi na kurudi kwa nguvu, hivyo unasamehe makosa ya mchongaji. Wengine hulilowesha jembe usiku ili mti uvimbe. Asubuhi limekaza, lakini mti uliovimba ndani ya chuma hujiponda wenyewe, na ukikauka unalegea kuliko jana. Mti umechoka kubanwa.

Sasa rudi kwenye tofali. Tangu 1963 Lego hutumia plastiki iitwayo ABS, ambayo ndani yake kuna chembechembe za mpira, butadieni, zilizotawanywa katika plastiki ngumu. Ni kile kipande cha mpira wa baiskeli, ila kimesagwa na kuchanganywa ndani ya mti wenyewe. Plastiki ngumu hulinda umbo. Mpira husaidia tofali lisipasuke linapopindishwa mara elfu. Kabla ya hapo walitumia asetati ya selulosi, iliyokuwa ikipinda yenyewe kadiri miaka inavyopita.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali la kwanza. Mshiko unategemea tofauti ndogo mno ya vipimo, na kalibu za Lego huchongwa kwa usahihi wa sehemu chache za elfu za milimita. Kalibu hafifu ya wanaoiga ikikosea kidogo, tofali lao jipya linalegea au linagoma kutoka. Upaukaji wa lile kuukuu la Lego ni wa usoni, mwili haujafa.

Swali la pili linanigusa zaidi, kwa sababu ya Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016. Saa tisa na nusu hivi alasiri, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipiga Kagera. Nyumba za matofali ya tope na ya kuchoma zilianguka juu ya watu, na shule za sekondari za Ihungo na Nyakato zikaharibika vibaya. Matofali ya kufungamana, ambayo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba na Vifaa vya Ujenzi umeyahimiza kwa miaka mingi, ni udongo uliochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine bila kuchomwa. Nayo yana kinundu juu na shimo chini, na mtu huyatazama akaiona Lego.

Sivyo. Udongo ulioshindiliwa haupindi, ukiulazimisha unapasuka. Kwa hiyo mashine yake inafuata kanuni iliyo kinyume: shimo huachwa kubwa kidogo kuliko kinundu. Matokeo yake tofali la udongo linazuia mwenzake asiteleze pembeni, lakini halimshiki asinyanyuke. Ukuta wa Lego ukiupindua juu chini unabaki ukuta. Wa udongo unasimama kwa uzito wake tu, na tetemeko hutikisa uzito huo pande zote, juu na chini pia. Ndiyo maana, fundi wangu, nondo za kwenye matundu na mkanda wa zege juu ya ukuta si anasa ya mwenye nyumba tajiri. Nondo ndiyo mshiko ambao udongo hauwezi kuutoa.

Kuhusu kuhifadhi, adui mkubwa ni jua. Bukoba iko zaidi kidogo ya digrii moja kusini mwa ikweta, kwenye kimo cha zaidi ya mita 1,100, na miale ya urujuanimno huanza kwa kuushambulia ule mpira wa butadieni. Tofali huwa la njano, kisha gumu, kisha linavunjika. Tumia ndoo zenye mifuniko, zisizopitisha mwanga, na usiziweke darini chini ya bati. Mvua za Bukoba haziidhuru plastiki, ila ukungu utakula vitabu vya maelekezo. Osha kwa maji ya vuguvugu yasiyozidi nyuzi 40 na sabuni, anika kivulini. Dawa ya kufutia rangi ya kucha yenye asetoni usiisogeze kabisa, inayeyusha ABS. Na ukimaliza kufurahia jengo, libomoe. Plastiki iliyobanwa miaka mingi huchoka kama ule mpini.

Panga kwa umbo, usipange kwa rangi. Jicho hukiona chekundu kimoja katikati ya maumbo yanayofanana mara moja, lakini kutafuta umbo dogo ndani ya ndoo nzima nyekundu ni kazi ya usiku kucha. Ya mashaka yapime: pachika moja chini ya tofali la uhakika, inua la juu, tikisa. Yanayodondoka yape ndoo yake na uyatumie safu za chini, ambako uzito wa jengo utayashikilia. Lego halisi uzito hauisumbui. Mwaka 2012 wahandisi wa Chuo Kikuu Huria cha Uingereza walilikandamiza tofali la vinundu vinne kwenye mashine, likastahimili wastani wa kilo 432 kabla ya kushindwa, sawa na mnara wa matofali 375,000 wenye kimo cha kilomita tatu na nusu.