Kabla ya Jambo Bwana, vibati vinapanda

Ni mkono wake wa kushoto ulionifanya niache pweza wa nazi apoe sahanini. Juu ya paa la hoteli moja ya Shangani, Mji Mkongwe wa Zanzibar, kundi la watu wanne lilikuwa limemaliza bashraf, kipande cha ala kisicho na uimbaji. Mhudumu akamnong'oneza mpiga kanuni, naye akaanza kunyanyua vibati vidogo vya chuma vilivyopangwa upande wa kushoto wa chombo chake: tak, tak, tak, bila hata kuvitazama. Kisha ikaanza Jambo Bwana. Meza nzima ya Waitaliano ikaitikia, simu zikatolewa. Wimbo ulipokwisha, tak, tak, tak, vibati vikashushwa.

Nilimfuata wakati wa mapumziko. Aliitika shikamoo yangu, akanisogezea kiti na kukubali kuzungumza, ila jina nisiliandike. "Kazi bado naitaka, mwanangu." Basi nitamwita maalim, kama wanavyomwita wenziwe.

Kanuni yake ina nyuzi 78, zimefungwa tatu tatu, kila tatu nota moja. Kila nota ina vibati vyake. Ukinyanyua kimoja uzi unafupika na sauti inapanda, lakini kwa kiasi ambacho kinanda hakina: ni chini ya hatua iliyopo baina ya kitufe kimoja na kinachofuata. Maqam ya Rast, mmoja wa mipangilio ya nota ya muziki wa Kiarabu, inaishi hapo. Nota yake ya tatu na ya saba hukaa katikati, si juu si chini, na mtu aliyekulia kwenye nyumba ya taarab huitambua hata akiwa usingizini. Jambo Bwana, uliorekodiwa na Them Mushrooms wa Kenya mwaka 1982, hauitaki kabisa. Kwa hiyo maalim huzipandisha nota hizo mbili, oktava baada ya oktava, mpaka kanuni itoe sauti za kinanda.

"Nikiupiga wimbo ule kwa Rast, mgeni atasema chombo kibovu," alisema, akicheka. "Meneja naye atasema hivyo hivyo. Bora nipandishe."

Kilichonikera, na bado kinanikera, ni kazi inayotangulia. Maalim hufika alasiri, jua likiwa bado kali, na ufunguo wake wa kukazia nyuzi. Miguu ya daraja linalobeba nyuzi imesimama juu ya ngozi ya samaki, na hewa ya bahari huilegeza ngozi hiyo. Jana ilikuwa sawa, leo imeshuka. Hukaza uzi, akausikiliza, akaulegeza, akarudi kwenye wa pili na wa tatu mpaka zote tatu zisikike kama uzi mmoja, halafu nota inayofuata. Maghribi huadhiniwa hajamaliza. Na sehemu inayomchukua muda mrefu zaidi ni hiyo hiyo ya katikati, ambayo baada ya bashraf mbili ataiondoa kwa mkono wake mwenyewe.

Kwa nini ajisumbue, ikiwa wanaokula pale hawaijui? Nilimuuliza hivyo hivyo, pengine bila adabu ya kutosha.

"Yule wa fidla anaijua," alijibu. "Nikiharibu, hatanisemesha mpaka Ijumaa."

Historia ya chombo hiki hapa mjini inajulikana: Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze kanuni, na mwaka 1905 kikazaliwa kikundi cha taarab cha Ikhwani Safaa. Taarab hapa ilianza kwa kumburudisha mkubwa katika kasri lake. Kwa hiyo sitasema kwamba kupigia watu wakiwa mezani ni uharibifu. Tofauti ni kwamba yule mkubwa alikuwa akisikiliza.

Maalim hakuwalaumu wageni. Alichokikumbuka ni kutunzwa. Harusini, mwimbaji akigusa ubeti unaomchoma mtu, mama mmoja atainuka, atakwenda kwa madaha hadi mbele, noti imenyooshwa juu ili aliyekusudiwa aione. "Pale unajua wimbo umefika, na unajua umefika kwa nani." Hotelini pana kikapu kando ya mlango. Wageni huweka fedha nzuri wakiwa wanaondoka, wakati mwingine nyingi kuliko harusi. Lakini wanaziweka nyimbo zikiwa zimeshakwisha.

Mwimbaji wao, msichana mwenye sauti nzito kuliko umri wake, aliniambia kwamba siku hizi huchagua nyimbo zenye mafumbo makali kabisa kwa ajili ya hotelini. Hapa hapana wa kugombana naye. Wahudumu peke yao ndio wanaocheka, nao wamebeba sahani.

Wiki iliyofuata nilipita tena alasiri. Maalim alikuwa na homa, na kijana anayefundishwa naye ndiye aliyekuwa akikaza nyuzi, simu yake ikiwa imewashwa programu ya kupimia sauti. Alimaliza upesi sana. Vibati vyote alikuwa ameshavinyanyua tangu mwanzo, kisha akakaza nyuzi juu ya hapo, tayari kwa Jambo Bwana.

"Na bashraf?" nikamuuliza.

"Zitapigwa hivi hivi."

Nikamuuliza kama maalim anajua. Akaangalia simu yake, akasema mpiga fidla usiku huo hayupo, ana harusi Mwanakwerekwe.