Mzigo wa Mama Katika Nyumba Isiyo na Umeme

Katika karne ya 19 njia ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Unyanyembe, ikafika Ujiji; na wapagazi wake wengi walikuwa Wanyamwezi. Mzigo wa mpagazi ulijulikana: kiasi cha frasila mbili, yaani yapata kilo 32. Msafara uliondoka alfajiri, ukapiga kambi kabla jua halijawa kali, na mpagazi alipewa ujira wake.

Sasa na tuzitazame nyumba zetu za vijijini Tabora. Wakala wa Nishati Vijijini ulianza kazi mwaka 2007, na nguzo zimefika mbali; lakini nguzo kupita barabarani si taa kuwaka chumbani, na hata penye taa, chakula aghalabu hupikwa kwa kuni au mkaa. Ndoo ya lita 20 ikijaa maji ina kilo 20. Mama aendaye kisimani mara mbili amekwisha kubeba kilo 40, na kuni bado. Mzigo huu haupimwi na mtu, wala hauna ujira.

Kwa hiyo twasema, nishati ya kwanza kuhifadhiwa nyumbani ni nguvu za mama.

Kuni zipasuliwe nyembamba, zianikwe, zihifadhiwe pasiponyesha. Kwani kuni mbichi hupoteza moto katika kukausha maji yake yenyewe, na hujaza moshi machoni na vifuani. Maharage yarowekwe tangu usiku. Chungu kifunikwe. Mafiga yakingwe upepo, au lijengwe jiko la udongo. Misitu yetu ya miyombo hukatwa kwa mkaa na kwa kukausha tumbaku, na kila mti uangukao karibu na kijiji humrefushia mama safari.

Mwenye taa ya jua na aiweke juani asubuhi, aifute vumbi, na mwanga wake wa usiku utangulie kwa masomo ya watoto kabla ya mazungumzo ya simu. Mwenye kibatari akizime kabla ya kulala, kama Mtume wetu (s.a.w.) alivyotuusia kuzima taa usiku.

Nanyi vijana wa kiume! Bibi Aisha (r.a.) alisimulia kwamba Mtume alikuwa akizifanya kazi za nyumbani kwake, na ulipofika wakati wa sala alitoka kwenda kusali. Basi ni aibu gani kwenu kushika ndoo? Tena yeye alitawadha kwa mudi moja ya maji, ambayo haifiki lita moja. Kijana amwagaye kopo baada ya kopo humwaga nguvu za mama yake.

Mwaka 2024 Serikali ilitoa mkakati wa kuwafikishia asilimia 80 ya Watanzania nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Ni jambo jema, lakini chungu cha leo hakingoji. Jioni hii, kabla ya Magharibi, kila nyumba na iulizane: kesho nani ateka maji, nani apasua kuni? Jibu lisiwe mtu mmoja.