Bei Halisi ya Kaseti Tupu Iliyolala Dukani

Kaseti tatu za dakika 60 zinatosha kuizunguka eka moja ya mpunga. Hesabu yake ni hii: utepe hupita kwenye kichwa cha redio kwa mwendo wa sentimita 4.76 kila sekunde, na kwa dakika 30 za upande mmoja zinapita mita 86 hivi. Eka, ile ya hatua 70 kwa 70, ukiifuata mpaka wote unatembea mita 254. Utepe ukifungwa kwenye vijiti humeta juani na kulia upepo ukivuma, na ndege wa mpunga husita kutua.

Nimeanzia shambani kwa sababu mtu wa Msowero, pale kwenye barabara ya Dumila kwenda Kilosa, anaweza kuitaka kaseti kwa ajili ya utepe au kwa ajili ya sauti. Anayetaka utepe achukue mbovu, lakini kwanza aisikilize. Anayetaka sauti akiuziwa kaseti tupu ya zamani ambayo bado iko kwenye nailoni yake, apige hesabu kabla ya kufungua pochi.

Tuseme kaseti moja anauziwa shilingi 4,000, na nauli ya kwenda Morogoro mjini na kurudi ni 14,000. Akinunua kumi ametoa 54,000 kwa saa 10 za kurekodi, yaani 5,400 kwa saa. Zikiharibika tatu, saa zinabaki 7 na bei inapanda hadi 7,700 na ushei. Akinunua mbili tu, kila saa imemgharimu 11,000. Sasa weka pembeni kadi ya simu ya GB 16, tuseme kwa 15,000. Kwa sauti ya kiwango cha kawaida cha MP3, kilobiti 128 kwa sekunde, kadi hiyo inabeba saa 277, sawa na kaseti 185 za dakika 90. Saa moja inamgharimu shilingi 54.

Kwa kuhifadhi, basi, kaseti imeshindwa, na imeshindwa kwa mbali.

Lakini kuna kazi moja ambayo kadi haiiwezi. Kaseti ambayo Philips waliileta mwaka 1963 ina utepe, na pia ina gamba, magurudumu mawili, na kipande kidogo cha kitambaa kinachousukuma utepe uguse kichwa cha redio. Kwenye joto la bonde la Wami gundi ya kitambaa hicho huachia. Utepe wenye sauti bado ni mzima, ila redio inatoa mnong'ono tu, na watu wanasema kaseti imekufa. Haijafa. Fundi redio akipata gamba zima lililofungwa kwa skrubu tano, anahamishia utepe ndani yake na sauti inarudi. Ndiyo maana kwangu kaseti moja yenye skrubu ina thamani kuliko kumi zilizogandishwa kiwandani, ambazo huwezi kuzifungua bila kuzivunja.

Usivutwe na zile za bei ya juu zilizoandikwa Type II. Redio kaseti nyingi za nyumbani zimepangwa kwa Type I, utepe wa kawaida wa oksidi ya chuma; ukirekodi Type II humo, sauti inapwaya na ya zamani haifutiki vizuri. Umelipia ubora ambao mashine yako haiwezi kuutoa. Ya dakika 120 iache kabisa. Utepe wake una unene wa mikroni 9 hivi, nusu ya ule wa dakika 60, na redio iliyochoka inautafuna haraka.

Cha kuokoa ni kipi? Nyimbo za Mbaraka Mwinshehe, fahari ya Morogoro aliyefariki mwaka 1979, zimenakiliwa mara nyingi mno. Kaseti yako ikikatika, nyingine zipo. Ngoma ya Kikaguru iliyorekodiwa uani, kwaya ya kigango, bibi akisimulia walikotoka: hizo ziko moja tu duniani, na pengine leo ziko kwenye boksi chini ya kitanda, jirani na shamba linalohitaji utepe.

Kwa kuokoa hizo, nunua kaseti mbili, si kumi: Type I, dakika 60, zenye skrubu. Moja ni ya gamba, nyingine ya fundi kujaribia kabla hajaigusa ile ya bibi. Kisha tenga saa nzima kwa kila kaseti, maana dakika 60 huhamia kwenye simu kwa dakika 60 zilezile. Na weka betri mpya. Betri zikichoka utepe unakwenda polepole, na sauti ya bibi inaingia kwenye simu ikiwa nzito kama ya babu.